Jaramogi, na wale waliomruka kabla wino haujakauka

Kila msimu wa siasa unaiona sinema hii. Mheshimiwa anapanda juu ya gari, anamwinua mtu mkono, anaapa mbele ya umati kwamba huyu ndiye, hakuna mwingine. Wiki mbili baadaye chama kinatoa msimamo wake, na mheshimiwa yuleyule anaitisha wanahabari kusema hakueleweka. Mtandaoni tunacheka, tunamtengenezea vichekesho, maisha yanaendelea. Lakini kama unataka kujua mchezo huu ulipata wapi kanuni zake hapa Kenya, rudi hadi 1966 ukamtafute mzee wa Bondo mwenye kofia ya shanga: Jaramogi Oginga Odinga.

Najua jina unalijua. Umepita barabara yenye jina lake, labda umetibiwa hospitali yenye jina lake. Maisha yake ndiyo wengi wetu tunayajua nusunusu, tena tunayasikia tu kama utangulizi wa hadithi ya mwanawe.

Alizaliwa mwaka 1911 hivi, akasoma Maseno, Alliance na Makerere, akawa mwalimu. Ualimu haukumtosha. Mwaka 1947 alianzisha kampuni ya Luo Thrift and Trading Corporation, akazunguka akiomba watu wa kawaida wanunue hisa, ili waamini kwamba Mwafrika anaweza kuendesha biashara bila kushikwa mkono. Weka hiyo akilini. Huyu ni mtu aliyejifunza mapema kuomba watu waweke jina na pesa zao kwenye kitu ambacho bado hakipo.

Mwaka 1957 aliingia Baraza la Kutunga Sheria, lile la mkoloni. Mwaka uliofuata alisimama mle ndani na kusema kwamba Jomo Kenyatta na wenzake waliofungwa bado ndio viongozi wa wananchi. Leo hilo linasikika kama jambo la kawaida. Wakati ule, kumtaja Kenyatta kwa heshima mbele ya Wazungu ilikuwa kama kujimwagia petroli. Ukumbi ulichafuka. Hata baadhi ya wenzake Waafrika walijitenga na kauli ile, kisha walipoona wananchi mitaani wameipokea kwa shangwe, wakaanza kuikumbatia. Hapo Jaramogi angesoma somo lote kuhusu wanasiasa. Sidhani alilisoma.

Halafu ikaja 1961. KANU, ambayo Jaramogi alikuwa makamu wake wa rais, ilipata viti 19 na KADU 11. Kwa hesabu ya kawaida, KANU ingeunda serikali na viongozi wake wangekaa kwenye viti vya mbele. Wakakataa. Msimamo wao ulikuwa kwamba hawaingii serikalini mpaka Kenyatta atoke kizuizini, na Jaramogi ndiye aliyeushikilia kwa nguvu zaidi. KADU ya Ronald Ngala ikaingia badala yao. Kenyatta akaachiliwa Agosti mwaka huo, akakabidhiwa uongozi wa KANU, na Kariuki Njiiri akamwachia kiti chake ili aingie bungeni.

Tafakari hapo kidogo. Umeshinda uchaguzi, mlango uko wazi, na unaacha mwingine apite kwa sababu kuna mtu mmoja uliyesema ndiye kiongozi. Ukiniuliza, hakuna mwanasiasa wa Kenya aliyewahi kumuunga mwingine mkono kwa gharama kubwa kama hiyo.

Kenyatta hakumsahau, angalau mwanzoni. Jaramogi alipewa Wizara ya Mambo ya Ndani, na Kenya ilipokuwa jamhuri Desemba 1964 akawa makamu wa kwanza wa rais. Lakini urafiki ulikuwa umeanza kuoza. Jaramogi alitaka mashamba yaliyochukuliwa na walowezi yawafikie maskini bila kuuziwa, na hakuona aibu kushirikiana na Urusi na China. Upande mwingine ulikuwa na Tom Mboya, katibu mkuu wa KANU, kijana mwenye akili ya kutisha, aliyeegemea nchi za Magharibi. Februari 1965 Pio Gama Pinto, mpangaji mkuu wa kundi la Jaramogi, akapigwa risasi na kuuawa Nairobi.

Machi 1966 chama kikaitisha mkutano Limuru. Hakuna aliyemfukuza Jaramogi. Walifanya jambo la ujanja zaidi: walifuta cheo chake. Badala ya makamu mmoja wa rais wa chama wakaweka wanane, mmoja kwa kila mkoa pamoja na Nairobi. Ukibaki, wewe ni mmoja kati ya wanane. Ukiondoka, umeondoka mwenyewe.

Aliondoka. Aprili alijiuzulu umakamu wa rais wa nchi na kuongoza chama kipya, Kenya People's Union, KPU. Na hakuwa peke yake. Achieng' Oneko aliacha uwaziri. Bildad Kaggia, ambaye alifungwa pamoja na Kenyatta baada ya kesi ya Kapenguria, akaja. Wabunge na maseneta wapatao thelathini wakatangaza kwamba wako naye. Kwa siku chache ilionekana kama KANU inapasuka katikati.

Sasa sikiza serikali ilivyojibu. Kabla Aprili haijaisha, bunge likaitishwa, na marekebisho ya katiba yakapitishwa mbio: mbunge akihama chama kilichompeleka bungeni, amepoteza kiti, arudi kwa wapiga kura aanze upya. Kimsingi ni sheria nzuri. Nani kati yetu hangependa mheshimiwa anayehama aje kwanza atuulize? Shida ni kwamba mwaka mmoja na nusu tu kabla ya hapo, Novemba 1964, KADU nzima ilijivunja na wabunge wake wakavuka kwenda KANU, na hakuna aliyeambiwa arudi kwa mpiga kura. Kuvuka kuelekea kwa serikali kulikuwa umoja wa taifa. Kuvuka kuelekea upande wa pili kukawa na bei.

Na bei ilipotajwa tu, watu wakaanza kumruka. Baadhi ya wale waliojitangaza na Jaramogi, na si wachache, waligeuka wakasema wamebadilisha nia, KANU ndiyo nyumbani. Walikuwa wamechelewa. Viti vyao vilihesabiwa kuwa wazi kama vya wengine. Yaani walipoteza kiti kwa sababu ya kuondoka, na heshima kwa sababu ya kurudi, ndani ya mwezi mmoja.

Rahisi kuwaita waoga. Mimi siwaoni hivyo kabisa. Hebu jiweke pale: una mshahara wa kwanza wa maana katika ukoo wenu, una mkopo, una watu kijijini wanaokutegemea kwa karo. Chama ndicho kina polisi wa kukunyima kibali cha mkutano, ndicho kina redio ya pekee nchini. Siku ya kutangaza, jina lako lilikuwa bure. Siku iliyofuata lilikuwa na thamani ya kila ulichonacho. Kinachoitwa uaminifu kwa chama mara nyingi ni hesabu ya aina hiyo, na viongozi wa KANU waliijua hesabu hiyo kuliko Jaramogi, ambaye alidhani wengine wangelipa kama alivyolipa yeye 1961.

Uchaguzi Mdogo ulifanyika Juni 1966, viti 29. KPU ikapata 9, KANU 20. Jaramogi alirudi na kiti chake cha Bondo. Kaggia akashindwa kwao Kandara, na hadithi yake peke yake inastahili makala nyingine. Yaliyofuata yalikuwa kukabwa polepole. Katika uchaguzi wa mabaraza mwaka 1968, karatasi za wagombea wa KPU zilikataliwa kwa wingi kwa madai hazikujazwa sawasawa. Julai 1969 Mboya akauawa. Oktoba, Kenyatta alienda Kisumu kufungua hospitali, akarushiana maneno makali na Jaramogi jukwaani, na walinzi wake wakafyatulia umati risasi. Watu wakafa, watoto wakiwemo. Siku chache baadaye KPU ikapigwa marufuku na Jaramogi akawekwa kizuizini hadi Machi 1971.

Ungetarajia mtu kama huyo aichukie KANU hadi kaburini. Lakini alirudi. Hakukuwa na chama kingine, na bila KANU hukuwa na siasa. Akaomba kugombea 1974, wakamkatalia. 1979 wakamkatalia tena. Moi alimpa uenyekiti wa bodi ya pamba, na 1981 mbunge wa Bondo, Hezekiah Ougo, akajiuzulu ili mzee apate kiti. Unakumbuka Njiiri na Kenyatta? Ni kitendo kilekile, miaka karibu ishirini baadaye. Ila Jaramogi akasema hadharani kwamba Kenyatta alinyakua mashamba, na chama kikamfungia mlango. Ougo akawa amejitolea kiti bure. Mwaka 1982 Jaramogi alijaribu kuanzisha chama cha kisoshalisti pamoja na George Anyona, akafukuzwa KANU, na muda mfupi baadaye katiba ikaandikwa kwamba Kenya ni ya chama kimoja tu.

Alikuwa na miaka kama themanini alipoibuka tena 1991 kuanzisha FORD, akikaa meza moja na Masinde Muliro na Martin Shikuku, watu wa KADU aliopigana nao ujanani. Chama kimoja kikafutwa katika katiba Desemba. FORD yenyewe haikumaliza hata mwaka mzima ikiwa moja: Kenneth Matiba akachukua FORD-Asili, Jaramogi akabaki na FORD-Kenya, na katika uchaguzi wa Desemba 1992 Moi akapita katikati yao. Jaramogi alikuwa wa nne.

Mwaka wake wa mwisho haupendwi kusimuliwa na mashabiki wake. Akiwa kiongozi wa upinzani alianza kushirikiana na KANU ya Moi, kisha akakiri kupokea shilingi milioni 2 kutoka kwa Kamlesh Pattni, yule wa Goldenberg. Alisema ni mchango. Paul Muite, makamu wake chamani, akajiuzulu wadhifa huo. Safari hii waliomwacha mzee walikuwa na sababu safi, na nadhani ni haki kuiandika hivyo.

Alifariki Kisumu tarehe 20 Januari 1994. Mwanawe Oburu akachukua kiti cha Bondo. Mwanawe mwingine, Raila, mbunge wa Lang'ata, akagombania uongozi wa FORD-Kenya na Michael Wamalwa Kijana, akashindwa kukubaliana naye, na mwishoni mwa 1996 akahamia National Development Party. Hapo sheria ya 1966, ileile iliyotungwa kumnasa baba yake, ikamdai kiti. Akakiacha, akarudi Lang'ata kuomba kura upya, na Machi 1997 wakampa.