Mugo wa Kibiru, mwaguzi aliyetahadharisha kuhusu nyoka wa chuma

Garimoshi linapotoka Dandora na kupita Makadara kuelekea katikati ya jiji la Nairobi, ni abiria wachache wanaokumbuka kwamba, kwa mujibu wa masimulizi ya Wagikuyu, mzee mmoja alikwisha kulipa jina kabla ya reli kutandikwa. Aliliita nyoka wa chuma.

Mzee huyo ni Chege wa Kibiru, ambaye hujulikana zaidi kama Mugo wa Kibiru. Mugo kwa Kigikuyu ni mganga na mwaguzi, hivyo cheo chake ndicho kilichogeuka kuwa jina lake. Aliishi katika karne ya 19. Jukumu lake lilikuwa kuwafikishia wazee mapenzi ya Ngai, Mungu aliyesadikiwa kukaa juu ya Mlima Kenya na kuabudiwa chini ya mti wa mugumo.

Inasimuliwa kwamba asubuhi moja aliamka akitetemeka, mwili ukiwa na michubuko na sauti imempotea. Wazee waliitwa, kafara ikatolewa. Ulimi ulipomfunguka alisema Ngai amemwonyesha wageni wenye rangi ya chura mweupe, mavazi kama mabawa ya vipepeo, na fimbo zitoazo moto. Baadaye angefuata nyoka mwenye miguu mingi mithili ya tandu, akitema moto, mwili wake ukinyooka kutoka maji makuu ya mashariki hadi yale ya magharibi. Njaa kuu ingekuwa dalili ya ujio wao.

Vijana waliapa kumuua nyoka huyo. Mugo aliwatuliza: mikuki isingepenya chuma. Akawashauri wafanye urafiki na wageni, lakini wasiwakaribishe karibu na maboma yao, kwani wangeitamani ardhi.

Uzito wa ushauri huo ulidhihirika upesi. Mwaka wa 1890 kiongozi Waiyaki wa Hinga alifanya mapatano na Kapteni Lugard huko Dagoretti. Mwaka wa 1892 Waiyaki alikamatwa na Waingereza, akafia Kibwezi. Reli iliyoanzia Mombasa mwaka wa 1896 ilifika Nairobi mwaka wa 1899, wakati njaa na ndui vikiwamaliza Wagikuyu, na ikagusa Ziwa Victoria mwaka wa 1901. Ardhi nayo ikachukuliwa.

Waliomtandika nyoka huyo walikuwa hasa vibarua wapatao 32,000 kutoka India. Takriban 2,500 walipoteza maisha. Wahindu miongoni mwao walitoka katika nchi yenye visa vyake vya miti na nyoka. Huko husimuliwa habari za Vasuki, nyoka aliyetumiwa na miungu kama kamba ya kusukia bahari ya maziwa. Wabudha nao husimulia kwamba Gautama alipata nuru chini ya mti ulio wa jamii moja na mugumo, na kwamba nyoka Mucalinda alimkinga mvua kwa kichwa chake kipana. Nyoka wa India alimlinda mtakatifu. Nyoka wa Mugo alikuja kumeza nchi.

Wapo wanaotilia shaka utabiri huo, na hoja yao ina nguvu. Jomo Kenyatta aliuandika katika kitabu cha mwaka wa 1938, miaka mingi baada ya reli kukamilika, na simulizi la mdomo hunoga kila linaposimuliwa.

Utabiri mwingine anaohusishwa nao ni kwamba utawala wa wageni ungekoma siku mugumo mmoja wa Thika utakapoanguka. Yasemekana Waingereza waliuzungushia chuma ili usianguke. Hata hivyo, mti huo ulianguka mwaka wa 1963, mwaka Kenya ilipojinyakulia uhuru. Heshima ya mugumo haijafutika: Novemba 2020, mmoja ulionusurika kukatwa kando ya Waiyaki Way, jijini Nairobi, uliokolewa kwa amri ya rais.

Muthurwa na Makongeni ni mitaa iliyojengewa wafanyakazi wa reli, na vizazi vingi vya Eastlands vimelelewa kwa mshahara wa nyoka yule yule. Kwa hiyo Mugo asikumbukwe kwa kubahatisha mambo yajayo tu. Aliwafundisha watu wake kumpokea mgeni mwenye nguvu bila kumkabidhi ardhi, somo ambalo kila taifa lenye kualika wawekezaji lingali linalihitaji.