Virginia Henderson, mama wa mahitaji 14 na wa faharasa

Mdogo wangu anasoma uuguzi. Mwaka huu aliniletea kazi yake ya mwisho wa masomo nimsahihishie lugha. Karibu kila ukurasa ulimtaja Virginia Henderson na mahitaji yake 14, lakini bila mwaka, bila jina la kitabu, bila ukurasa. Nilipomuuliza ameyatoa wapi, alinionyesha fotokopi ya noti za darasa, akasema: yaya, kila mtu anafanya hivi. Ndipo nikaanza kumtafuta mama huyo.

Henderson alizaliwa Kansas City, Marekani, mwaka 1897, akakulia katika jimbo la Virginia. Alijifunza uuguzi katika shule ya jeshi, akamaliza mwaka 1921. Baadaye alisoma, kisha akafundisha kwa miaka mingi, katika Teachers College ya Chuo Kikuu cha Columbia, New York. Mwaka 1955, katika kitabu cha mafunzo alichokiandika upya, alieleza kazi ya muuguzi: kumsaidia mtu, mgonjwa au mzima, katika mambo ambayo angejifanyia mwenyewe kama angekuwa na nguvu, nia na ujuzi. Mwaka 1960 Baraza la Kimataifa la Wauguzi lilitoa kijitabu chake chenye mambo yale 14. Kilitafsiriwa katika lugha nyingi, na mahitaji 14 yakafika hadi madarasa yetu.

Noti za darasa zinaishia hapo. Maisha yake hayakuishia hapo.

Mwaka 1953 alikwenda Yale kusaidia kuchunguza hali ya utafiti wa uuguzi nchini Marekani. Tafiti zilikuwapo, ila zilitawanyika katika majarida, vitabu na vijitabu, na muuguzi alikosa njia ya kuzifikia. Henderson akaongoza kundi lililotengeneza faharasa ya maandishi ya Kiingereza yaliyotoka tangu 1900 hadi 1959, pamoja na maelezo mafupi juu ya maandishi hayo. Juzuu zake nne zilitoka kati ya 1963 na 1972. Alifariki mwaka 1996, akiwa na miaka 98.

Kwetu sisi wa lugha, faharasa ni kazi ya maneno. Kidonda cha kulalia kina jina lake kwa Kifaransa, na kwa Kiingereza kina majina kadhaa. Anayetafuta kwa jina moja tu atakosa makala zilizotumia jina lingine, halafu atasema hakuna kilichoandikwa. Leo tunatafuta kwa simu, lakini ugumu huo haujaondoka.

Tulikaa jioni tatu, mega zikiisha na kununuliwa tena. Kwa kila makala tuliandika mwandishi, mwaka, kichwa, jarida, juzuu na kurasa, baada ya kuifungua na kuisoma wenyewe. Sentensi mbili ambazo noti zilimpa Henderson hatukuzikuta katika maandishi yake tuliyoyapata. Mdogo wangu alisikitika, maana zilikuwa nzuri. Tulizifuta.

Mwanamke aliyetumia miaka yake ya uzee ili wauguzi wapate maandishi yalipo, sisi tunamtaja bila kusema tumemsoma wapi. Kuandika mwaka na ukurasa ni heshima ndogo tunayoweza kumpa. Pia ni njia ya msomaji kutukamata tukikosea.