Mwalimu Enoch Sontonga na Daftari Lake la Nyimbo

Katika shule za msingi za Handeni na Korogwe, kama ilivyo katika nchi nzima, siku ya masomo huanza mstarini. Bendera hupandishwa, kiranja huanzisha, na watoto huimba Wimbo wa Taifa. Mwanachuo aliye katika mazoezi ya kufundisha hukabidhiwa zamu mapema, na mara nyingi hapo ndipo apatapo aibu yake ya kwanza: huanzisha juu mno, na wafikapo katika kiitikio watoto hawaimbi tena, bali wanapiga kelele. Ni wachache wajuao kwamba tuni ile ilitungwa na mwalimu mwenzao, kijana wa miaka ishirini na kitu, aliyekuwa akiwatafutia wanafunzi wake nyimbo za kuimba.

Enoch Mankayi Sontonga alizaliwa yapata mwaka 1873 huko Uitenhage, mashariki ya Jimbo la Rasi, Afrika Kusini. Kabila lake lilikuwa Mxhosa. Alisomea ualimu katika chuo cha misheni cha Lovedale, kisha akapelekwa kufundisha katika shule ya misheni ya Kimethodisti huko Nancefield, karibu na Johannesburg. Dhahabu ilikuwa imegunduliwa katika sehemu hizo mwaka 1886, na watu wa makabila mengi walimiminika huko kutafuta kazi. Watoto waliofundishwa na Sontonga walikuwa wa wazazi waliong'olewa vijijini mwao, wakaishi pembezoni mwa mji ambao haukuwatambua kuwa ni wenyeji. Yasemwa kuwa nyimbo zake nyingi zilikuwa za huzuni. Sioni ajabu.

Alimwoa Diana Mgqibisa, binti wa mchungaji, wakapata mtoto mmoja wa kiume. Mbali na ualimu, alikuwa mpiga picha na mhubiri, lakini kazi iliyomshika zaidi ilikuwa kwaya. Aliongoza, aliimba, na alitunga. Nyimbo zake aliziandika kwa mkono wake katika daftari.

Hapa yafaa tutazame namna alivyofanya kazi, maana jambo hili latuhusu. Aliandika muziki wake kwa sol-fa, yaani herufi za do, re, mi badala ya mistari mitano yenye vichwa vya nota. Mfumo huo ulienezwa Uingereza katika karne ya 19 na John Curwen, aliyeujenga juu ya kazi ya mwalimu mmoja mwanamke, Sarah Glover. Wamisheni waliuleta Afrika, nao ukashika kuliko mifumo mingine kwa sababu nyepesi kabisa: hauhitaji kinanda wala karatasi maalumu. Mwalimu mwenye ubao na chaki aweza kuandika sauti zote nne, ya kwanza hadi besi, na watoto wajuao kusoma herufi wakaanza kuimba. Asiyeona thamani ya jambo hili na ajaribu kufundisha sauti ya tatu kwa kukariri tu, katika darasa la watoto sitini.

Mwaka 1897 Sontonga alitunga wimbo aliouita Nkosi Sikelel' iAfrika, ambao maana yake ni Mungu ibariki Afrika. Aliandika ubeti mmoja na kiitikio. Kwa sehemu kubwa sauti zote nne hutamka silabi moja kwa wakati mmoja, hivyo maneno husikika wazi hata waimbaji wakiwa wengi na wasio na mazoezi. Wimbo uliimbwa hadharani mara ya kwanza mwaka 1899, katika ibada ya kumwekea mikono mchungaji Mboweni wa Kanisa la Methodisti. Baadaye kwaya yake iliuimba sehemu za Johannesburg na Natal, na viongozi wa kwaya nyingine wakawa wanakuja kuazima daftari ili wanakili.

Tarehe 18 Aprili 1905 Sontonga alifariki kwa maradhi ya tumbo, akiwa na umri wa miaka 32 hivi. Hakuacha kitabu kilichochapwa. Daftari lilibaki kwa jamaa, likaazimwa, na halikurudi. Kwa hiyo, kati ya nyimbo zote alizozitunga, ulimwengu unamkumbuka kwa huu mmoja tu, kwa kuwa ulikwisha kukaa katika vinywa vya watu kabla daftari halijapotea.

Waliouokoa ni wanafunzi na walimu. Kwaya ya shule ya Ohlange, iliyoanzishwa na John Dube huko Natal, iliuimba katika matamasha yake. Tarehe 8 Januari 1912 uliimbwa Bloemfontein katika mkutano uliounda chama ambacho baadaye kiliitwa ANC, na mwaka 1925 chama hicho kikaufanya kuwa wimbo wa kufungia mikutano. Sol Plaatje aliuimba na kuurekodi katika sahani ya santuri mjini London mwaka 1923. Mshairi Mqhayi akauongezea beti saba, na mwaka 1927 beti hizo zikachapwa. Tanganyika ilipopata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, tuni hiyo ilipewa maneno ya Kiswahili ikawa Wimbo wa Taifa. Zambia waliichukua mwaka 1964 wakaitilia maneno yao wenyewe.

Wakati huo kwao Afrika Kusini wimbo ulikuwa bado ni wa wapinzani wa serikali, na kaburi la mtunzi halikujulikana lilipo. Watafutaji walipekua orodha za makaburi ya Braamfontein, Johannesburg, wasilione jina la Sontonga. Kumbe karani alikuwa ameliandika jina la ubatizo mahali pa jina la ukoo, na marehemu amelala chini ya herufi ya Enoch. (Mwalimu ajazaye rejista ya mahudhurio kwa haraka ataelewa jinsi jambo hilo linavyotokea.) Kaburi lilipopatikana lilitangazwa kuwa kumbukumbu ya taifa, na tarehe 24 Septemba 1996 Rais Nelson Mandela akazindua mnara mahali hapo. Mwaka uliofuata Afrika Kusini iliuunganisha wimbo huo rasmi katika Wimbo wake wa Taifa, miaka mia moja kamili tangu mwalimu yule alipouandika.

Daftari lenyewe halijaonekana tena.