Hasira ya Daktari Livingstone

Mwaka 1871 Bwana Stanley alipita Simbamwenni, chini ya milima ya Uluguru, penye Morogoro ya leo, akienda kumtafuta Daktari David Livingstone, naye akamkuta Ujiji. Mzee yule twamheshimu, maana alijua ameitwa na Mungu. Walakini kosa lake hatulifichi.

Mwaka 1856 alipoufuata mto Zambezi kwenda pwani, alikata njia barani, asiione Kebrabasa. Hata hivyo aliwaambia Waingereza ya kuwa merikebu zaweza kuupanda mto ule. Mwaka 1858 akarudi na merikebu ya moshi na wenzake. Hata kabla ya kufika Kebrabasa aligombana na Bedingfeld, ofisa wa jeshi la maji, wakaachana. Kisha maporomoko ya Kebrabasa yakawazuia kabisa.

Mwaka 1859 ikawa zamu ya Thomas Baines, mchoraji na mtunza ghala. Charles, nduguye Livingstone, alimshtaki kwamba amepoteza mali ya serikali. Baines naye alikuwa ameuguzwa sana na homa, jambo ambalo tabibu angalipaswa kulipima kwanza. Daktari alikasirika, akamfukuza. Baines akaomba shauri lake lisikilizwe mbele ya watu; asikubaliwe.

Mwaka 1863 serikali ikaivunja safari ile. Livingstone akafa kwa Chitambo mwaka 1873. Baines akafa Durban mwaka 1875, shauri lake lisijasikilizwa.