Brush, profesa aliyeokoa mawe ya Branchville

MACHIMBO ya Branchville, jimboni Connecticut, Marekani, yalifunguliwa kutafuta ulanga. Mawe ya waridi na kahawia yaliyojificha katika itale hiyo ya chembe kubwa yangeishia kuwa kifusi, lau si Profesa George Jarvis Brush wa Chuo Kikuu cha Yale, aliyezaliwa mwaka wa 1831. Akishirikiana na kijana Edward Dana, aliyakusanya na kuyachunguza, na kuanzia 1878 wakatangaza aina mpya za fosfati, zikiwemo eosforiti na lithiofiliti. Redingiti ilipewa jina la mji wa Redding. Filowiti, la Fillow, mchimba ulanga mwenyewe, naye alistahili. Mwaka wa 1904 Brush aliikabidhi Yale hazina yake ya madini. Alifariki 1912.