Daktari Paul Brand na Mikono ya Wenye Ukoma

Marehemu Daktari Paul Wilson Brand alizaliwa mwaka 1914 katika Milima ya Kolli, kusini mwa India, nchi ya miteremko mikali kama ile ya Uluguru. Wazazi wake walikuwa wamisionari Wabatisti kutoka Uingereza. Akiwa na umri wa miaka tisa alipelekwa Uingereza kusoma, wala hakumwona tena baba yake, aliyefariki huko milimani mwaka 1929 kwa homa ya mkojo mweusi iletwayo na malaria.

Kijana huyo alijifunza kwanza ujenzi na useremala, ndipo akaingia chuo cha udaktari London. Wakati wa Vita Kuu ya Pili wanafunzi walihamishiwa Cardiff. Huko alikabidhiwa kichwa cha maiti akichunguze, naye akaifuata mishipa ya fahamu mmoja baada ya mwingine kwa subira. Baadaye majeruhi wa mabomu jijini London wakawa shule yake ya upasuaji.

Mwishoni mwa mwaka 1946 alifika katika hospitali ya Kikristo ya Vellore, India. Mwaka uliofuata Daktari Robert Cochrane alimwonyesha wagonjwa wa ukoma huko Chingleput. Wengi waliamini kwamba nyama ya mwenye ukoma haiponi na kwamba vidole vyake huanguka vyenyewe. Brand alipopima mikono hiyo aligundua kwamba ugonjwa huua mishipa fulani tu ya fahamu, na misuli mingi ya kigasha hubaki na nguvu. Vidole hupotea kwa majeraha ambayo mgonjwa hayasikii. Basi alihamisha kano za misuli mizima na kuziunganisha na vidole vilivyojikunja, navyo vikanyooka.

Lakini furaha hiyo iliingia doa. Waliopona walirudi wakilalamika kwamba mikono mizuri haipati sadaka, na hakuna aliyewaajiri. Ndipo Brand akaanzisha karakana, akawafundisha useremala aliojifunza ujanani.

Mwaka 1966 alihamia Carville, Marekani, akaendelea na utafiti wake. Alilala katika Bwana tarehe 8 Julai 2003.

Mkoani Morogoro, ambako makazi ya Chazi yamewahifadhi waliougua ukoma kwa miaka mingi, maisha yake yanaikumbusha diakonia kwamba sadaka peke yake haitoshi. Aliyeponywa anahitaji pia kazi ya mikono yake, na jirani atakayeketi naye katika benchi moja kanisani.