Olave Baden-Powell: Alikataliwa na Girl Guides, akaishia kuwaongoza duniani kote

Wasichana wa shule wakipiga kambi ya Girl Guides wikiendi, iwe Chang'ombe wilayani Temeke au kwingine, utaratibu ni uleule. Wanagawanywa kwenye vikundi vidogo, kila kikundi na kiongozi wake, halafu zamu zinapangwa: wa kuchota maji, wa jikoni, wa kufunga mahema. Mwalimu yupo, ila kazi ni ya wasichana wenyewe.

Mwanamke aliyehangaika kuliko wengi kuufikisha mtindo huo kwa mamilioni ya wasichana ni Olave Baden-Powell. Amezikwa hapo jirani tu, Nyeri, Kenya.

Cha ajabu ni kwamba mara ya kwanza alipoomba kuwasaidia Girl Guides, walimkatalia.

Hakusoma shule kama wengine

Olave St Clair Soames alizaliwa Februari 22, 1889, Chesterfield, Uingereza. Familia yake ilijiweza. Alifundishwa nyumbani, na masomo yenyewe yaliishia akiwa na umri wa miaka 12 hivi. Alipenda muziki, michezo na wanyama. Kazi ya maana ya kufanya hakuwa nayo.

Januari 1912, akiwa melini na baba yake, alikutana na Robert Baden-Powell, mwanajeshi maarufu aliyeanzisha skauti. Yeye alikuwa na miaka 22, Robert 54, na wote walizaliwa tarehe moja, Februari 22. Oktoba mwaka huohuo wakafunga ndoa. Walijaliwa watoto watatu: Peter, Heather na Betty.

Mabinti waliojitokeza wenyewe

Skauti ilianza na wavulana, kwa kambi ya majaribio kisiwani Brownsea mwaka 1907. Wasichana hawakualikwa. Lakini mwaka 1909, kwenye mkutano mkubwa wa skauti jijini London, mabinti wakajitokeza wakitaka na wao wahesabiwe.

Mwaka 1910 kikaundwa chama chao, na Agnes, dada yake Robert, akapewa kukiongoza. Wazazi wengi wa enzi hizo hawakufurahia. Binti alale kwenye hema, awashe moto, asome ramani, si ataharibika? Swali hilo hata leo wazazi wa Dar es Salaam hulisikia kila fomu ya ruhusa inapoletwa nyumbani.

Mwaka 1914 Olave, akiwa na miaka 25, alijitolea kusaidia. Makao makuu yakasema hapana.

Vita yafungua mlango

Vita Kuu ya Kwanza ikamtoa nyumbani. Mwaka 1915 alikwenda Ufaransa kuhudumia wanajeshi kwenye kibanda cha mapumziko huko Calais, huku watoto wake wadogo wakibaki kwa mama yake.

Aliporudi, mambo yakabadilika haraka. Mwaka 1916 alipewa kamishna wa jimbo la Sussex, na kabla mwaka haujaisha akawa kamishna mkuu wa Uingereza nzima. Mwaka 1918 akapewa cheo cha Kiongozi Mkuu.

Mbinu yake ilikuwa rahisi. Hakukaa ofisini. Alizunguka kutafuta mwanamke wa kusimamia kila eneo, akamkabidhi kazi, akamwamini, kisha akasonga mbele. Yaani alichonyimwa yeye, ndicho alichowapa wengine.

Mwaka 1930 akachaguliwa kuwa Kiongozi Mkuu wa Girl Guides Duniani. Cheo hicho hakijawahi kupewa mtu mwingine.

Nyeri, na historia yenye pande mbili

Mwaka 1938 Olave na mumewe, ambaye afya yake ilikuwa imezorota, walihamia Nyeri. Waliishi kwenye nyumba ndogo waliyoiita Paxtu, katika eneo la hoteli ya Outspan. Robert alifariki hapo Januari 8, 1941. Mwaka uliofuata Olave alirudi Uingereza, vita ikiendelea, akaanza tena safari za kuwatembelea wasichana nchi kwa nchi.

Upande wa pili nao usemwe. Kwenye makoloni, Girl Guides ilikuja pamoja na watawala na wamisionari, na kiapo chake kilimtaja Mfalme wa Uingereza. Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961, chama hakikufa. Wenyeji walikichukua kikawa chao, na leo kinaitwa Tanzania Girl Guides Association (TGGA). Wasichana wake huahidi kuitumikia nchi yao.

Olave hakuacha kusafiri hadi mwaka 1970, daktari alipomzuia kwa sababu ya kisukari. Alikuwa na miaka 81. Alifariki Juni 25, 1977, akiwa na miaka 88. Majivu yake yaliletwa Nyeri na kuzikwa kaburi moja na mumewe.

Kwenye kaburi hilo kuna alama ya duara lenye nukta katikati. Kwa skauti na Girl Guides, alama hiyo njiani humaanisha aliyetangulia amekwisha rudi nyumbani.

Siku ya kuzaliwa ya wawili hao, Februari 22, ndiyo Siku ya Kufikiriana. Kila mwaka Girl Guides wa Tanzania huiadhimisha pamoja na wenzao duniani.